Wiki moja ndani ya trullo, msonge wa mawe wa Puglia

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya saruji. Hilo nitalieleza kwa kirefu, maana ndilo litakaloamua kama utalala vizuri au utaamka unakohoa.

Trullo, na zikiwa nyingi Waitalia husema trulli, ni nyumba ya mawe ya chokaa yenye paa la msonge. Asili yake hujengwa jiwe juu ya jiwe, bila kitu cha kuyagandisha. Zimejaa katika bonde la Itria, mkoa wa Puglia, kusini mwa Italia. Niliyokodi mimi iko mashambani kati ya Locorotondo na Martina Franca: misonge mitatu iliyoshikana, vitanda vya watu 4, siku saba za mwezi Mei.

Wengi hukimbilia Alberobello, na mji huo ni wa kuuona kweli. Uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1996, na mtaa wake wa Rione Monti una trulli zaidi ya 1,000. Historia yake nayo ina uzito. Inaelezwa kwamba mabwana wa Conversano waliwalazimisha wakulima wajenge bila chokaa ya kugandisha ili nyumba ziweze kubomolewa haraka na kodi ya mfalme wa Napoli isilipwe. Mwaka 1797 Mfalme Ferdinand IV aliutoa mji mikononi mwa mabwana hao, na mwaka huohuo ikajengwa Casa d'Amore, nyumba ya kwanza ya mji huo kujengwa kwa chokaa ya kugandisha. Lakini kulala pale katikati ni kulala juu ya maduka ya zawadi, na mchana kutwa watu wanapita mlangoni kwako wakipiga picha. Nenda kautembee kabla ya saa tatu asubuhi, kisha rudi shambani.

Sasa nyumba yenyewe. Paa lina ngozi mbili. Ya ndani ni mawe yaliyochongwa kama kabari, kila duara limesogea ndani kidogo kuliko la chini yake, hadi yanakutana kileleni na kufungwa kwa jiwe moja. Ya nje ni vibamba vinavyoitwa chiancarelle, vimelazwa vikiinamia nje ili mvua iteleze. Katikati wamejaza kokoto. Maji ya mvua hayapotei: ukingo wa paa unayapeleka kwenye birika lililochimbwa ardhini, na mara nyingi mawe yaliyotoka shimoni humo ndiyo yaliyojengea kuta.

Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe atajiona amefika kwao: kuta nene, weupe wa chokaa, zidaka ukutani za kuwekea vyombo na taa. Mchana jua likiwaka nje, ndani kuna ubaridi wa mtungi. Kiyoyozi sikukigusa.

Na kama ilivyo kwetu pwani, adui wa nyumba hizi ni saruji. Jiwe la chokaa hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa polepole kupitia plasta ya chokaa. Ukilifunika kwa saruji au rangi ya plastiki, unyevu unakosa pa kutokea, unapanda ukutani, na unapochomoza unaacha chumvi. Msonge wa tatu, wenye bafu, ulipigwa saruji hadi usawa wa kiuno. Juu tu ya mstari ule rangi ilikuwa imevimba kama lengelenge. Ukiibonyeza kwa kidole inapasuka, unga mweupe unamwagika sakafuni. Blanketi lililohifadhiwa kwenye kidaka cha humo lilinuka ukungu, likafuliwa na kuanikwa, na bado likanuka. Misonge miwili mingine ilikarabatiwa kwa chokaa tupu, na humo hapakuwa na harufu hata siku moja.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwombe mwenye nyumba picha ya ukuta kuanzia sakafuni hadi urefu wa mita moja, kila chumba. Picha za matangazo karibu zote zinatazama juu, kwenye msonge, kwa kuwa huko ndiko kuzuri, ilhali ugonjwa uko chini. Muulize plasta ni calce au cemento, yaani chokaa au saruji. Anayeijua nyumba yake atakujibu mara moja. Ukikuta mashine ya kukausha hewa chumbani usiizime, mwaga maji yake kila asubuhi, na ukioga fungua dirisha la bafu mvuke utoke. Madirisha ni madogo na hewa haijiendeshi yenyewe.

Jingine la kujua ni faragha. Kila msonge ni chumba, na kati ya vyumba kuna tao na pazia. Milango ni nadra. Ukisafiri na wakwe, au na watoto wakubwa wa kike na wa kiume, tafuta trullo iliyoongezewa chumba cha kawaida pembeni chenye mlango wa kufunga, la sivyo chukueni mbili jirani. Kitanda kikubwa mara nyingi kimeingizwa kwenye kijumba cha ukutani, kuta pande tatu, hivyo anayelala ndani akitaka kuamka usiku lazima ampande mwenzake. Vipo pia vitanda vya dari, vya kupandia ngazi ya mbao. Mtoto mdogo na mtu mzima mwenye magoti mabovu wasipangiwe huko. Matao nayo ni mafupi. Mtu mrefu ainame kila anapopita.

Bafu lilikuwa na bideti, na ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi za Italia, maana kanuni ya 1975 inaitaka kwenye makazi. Kwa aliyezoea kustanji kwa maji, hii ni raha ambayo nchi nyingi za Ulaya hazina.

Umeme na maji viangalie kwa pamoja. Nyumba nyingi za Italia zina mkataba wa kilowati 3 tu. Birika la umeme hula kama 2, oveni nayo vilevile. Viwashe pamoja na mashine ya kufulia, mita inakata. Na mita haimo ndani, iko kwenye kisanduku getini, hatua kadhaa gizani. Huko mashambani trulli nyingi hazina maji ya bomba la mji: birika lile la ardhini hujazwa na boza, kisha pampu ya umeme inayasukuma maji. Kwa hiyo umeme ukikatika, aliyeko bafuni anabaki na sabuni mwilini. Siku ya kwanza uonyeshwe vitu vitatu: kisanduku cha mita, swichi ya pampu, na mtungi wa gesi wa jiko pamoja na ule wa akiba. Maji ya birika la ardhini ni ya kuogea na kuoshea vyombo. Ya kunywa nunua ya chupa. Plagi zetu za pini tatu za bapa haziingii kule, chukua adapta. Soketi za Kiitaliano zenye matundu matatu mstari mmoja zina saizi mbili, ya ampea 10 na ya 16, na adapta ya pini mbili nyembamba huingia kwenye ya 10, si kwenye ya 16 pekee.

Intaneti nayo inashindwa na ukuta. Ruta ikiwa msonge wa kwanza, wa tatu haupati kitu. Simu pokea nje.

Kufika bila gari ni taabu. Viwanja vya ndege ni Bari na Brindisi. Treni za Ferrovie del Sud Est zinafika Alberobello, Locorotondo na Martina Franca, ila zinakuacha mjini, na Jumapili usafiri unapungua sana. Kodi gari dogo kabisa: njia za shambani zinapita kati ya kuta za mawe pande zote mbili, na mikwaruzo ya ubavuni ndiyo madai ya kawaida wakati wa kurudisha. Anwani ya shamba ni jina la contrada, yaani kitongoji, na namba, na ramani ya simu huipeleka gari kwa jirani. Omba nukta za ramani, uzihifadhi kabla ya kuondoka uwanja wa ndege.

Kwa wanaoomba viza ya Schengen kutoka nyumbani: ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima iwe ya angalau euro 30,000, na uthibitisho wa malazi ugusie kila usiku. Mwenye trullo binafsi akuandikie barua yenye majina ya wasafiri wote, anwani na tarehe, na uchague malazi unayoweza kughairi bila hasara. Tangazo liwe na CIN, namba ya kitaifa ya utambulisho wa malazi, ambayo imekuwa lazima kwa nyumba za kukodisha tangu Januari 2025. Ukifika utaombwa pasipoti. Usione unashukiwa, sheria inamtaka mwenye nyumba apeleke taarifa za kila mgeni polisi ndani ya saa 24. Linganisha bei ya mwisho pia: ada ya usafi huongezwa mwishoni, na halmashauri nyingine hutoza kodi ya mgeni kwa kila usiku.

Chakula ni kizuri mno. Waislamu wajue tu kwamba capocollo ya Martina Franca ni nguruwe, na bombette za Cisternino kwa kawaida vilevile. Agiza fave e cicoria, maharage mapana yaliyopondwa kwa mafuta ya zeituni na mboga chungu pembeni. Maduka mengi madogo yanafunga saa saba mchana hadi jioni, kwa hiyo nunua mapema.

Mwezi ni Mei au Septemba. Agosti kumejaa na bei iko juu. Wakati wa baridi joto la hita ya feni linapanda kileleni mwa msonge na kukuacha miguu imeganda, basi uliza kama sakafu ina mabomba ya kupasha moto. Ukienda Aprili chukua soksi nzito, maana mawe yale bado yana baridi ya Januari.