Kibao kimoja cha piano kilivyoniharibia jioni ya soprano, Moshi

Nianze na kibao, maana ndicho nilichorudi nacho nyumbani kichwani. D moja ya katikati ya piano, jirani wa kulia wa C ya kati. Ukikibonyeza kinashuka, kinalia, halafu kinabaki huko huko chini kama mtu aliyekaa kwenye kochi la wageni. Vibao 87 vilivyobaki vilifanya kazi, sikatai. Lakini mtori ukikosa chumvi hausemi viungo vingine vyote vimo. Unakosa chumvi kila kijiko.

Lilikuwa onyesho la soprano, yaani mwanamke wa sauti ya juu, na piano, basi. Hapa Moshi, juzi juzi, masika ikiwa bado haijakata. Hakuna kipaza sauti, hakuna bendi, hakuna MC wa kupiga kelele. Nyimbo za watunzi wa Ulaya: kipindi cha kwanza Schubert, cha pili Schumann, na Strauss mmoja wa kuagia. Kiingilio elfu ishirini. Ukumbi siutaji, wenyewe wanajijua.

Mwimbaji alijua kazi. Hilo niliweke wazi mapema kabla hasira haijanipanda. Sauti ilifika mpaka viti vya nyuma juu ya mvua iliyokuwa inapiga bati, na hakusukuma hata mara moja. Watu wa kwaya wanajua tofauti: anayesukuma, shingo inakakamaa na sauti inapanda kidogo juu ya noti. Huyu alishusha pumzi chini, akaacha sauti itoke yenyewe.

Sasa hasira.

Wimbo wa Gretchen am Spinnrade, yaani Gretchen kwenye gurudumu la kusokotea, Schubert aliutunga mwaka 1814, akiwa na miaka 17. Msichana anasokota uzi huku anamwaza mwanaume. Piano ndiyo gurudumu: mkono wa kulia unazunguka bila kupumzika, wa kushoto ni mguu kwenye kanyagio. Msichana anapofika kwenye kumbukumbu ya busu, gurudumu linasimama. Mikono ya mpiga piano inakaa juu ya vibao, ukumbi mzima unashika pumzi. Kisha gurudumu linajaribu kuzunguka, linasita, linajaribu tena, mpaka linarudi nyumbani kwake, D maina, ngazi ya sauti ya huzuni inayokaa juu ya D. Kwa wale wa tonika solfa, D hapo ndiyo la, nguzo ya wimbo wote.

Na hapo hapo, linaporudi nyumbani, D ikaganda.

Kusita kwa kwanza ni kazi ya Schubert. Kwa mwisho ni kazi ya kibao. Lakini nani ukumbini angetofautisha? Watu wakaanza kuguna. Bwana mmoja nyuma yangu akasema, "Imeganda kama simu yangu," safu nzima ikacheka. Dakika tamu kuliko zote za kipindi cha kwanza, kwishnei.

Nilikuwa nimekaa upande wa kushoto, mikono ya mpiga piano naiona vizuri. Alichofanya dada yule sijawahi kuona kikifanywa kwa utulivu kiasi kile. Kila akipiga ile D, kidole gumba kilirudi nyuma kikashika ukingo wa mbele wa kibao kwa chini, kikakiinua, huku vidole vinne vinaendelea kuzungusha gurudumu. Kupiga, kuinua. Kupiga, kuinua. Wimbo ambao tayari unachosha mkono, yeye kaongezewa kazi ya ufundi juu yake.

Kibao kuganda si mkosi wala si uzee. Ndani ya kila kibao kuna matundu mawili yanayopita kwenye vijiti vya chuma, na matundu hayo yamevalishwa kitambaa kizito cha sufu. Masika ikiingia, sufu na mti vinanyonya unyevu, vinavimba, tundu linabana. Namna ya kujua ni rahisi: kiinue kibao kwa kidole kisha ukiachie. Kikishuka taratibu kama kina gundi, tatizo lipo kwenye hilo tundu, na fundi analilegeza kwa koleo maalumu, kazi ya dakika chache. Kikirudi haraka lakini nyundo yake, ile inayogonga waya, ikabaki karibu nazo, basi tatizo lipo kwenye kiungo cha nyundo, hapo kazi ni kubwa kidogo. Kupitia vibao vyote 88 kimoja kimoja ni dakika kumi. Kumi! Muda waliotumia kupanga viti vya mstari wa mbele kwa riboni.

Kinga yenyewe nayo si ya gharama. Piano za ukanda wa joto watu huwekea balbu ndogo chini ndani ya kabati lake, ya zamani ya wati 25, mbali na mbao na kitambaa, ili hewa ya ndani ikae kavu. Isiwe LED, ile haitoi joto la maana.

Badala ya balbu, hawa waliweka vasi. Juu ya piano. Vasi la kioo limejaa maji, na maua ya harusi ya jana yake kwa nilivyoyaona. Piano ni ile ya kusimama, nyundo zote ziko moja kwa moja chini ya kile kifuniko. Na kwa kuwa vasi liko juu, kifuniko hakikuweza kufunguliwa, sauti ikabaki imefungiwa kabatini. Tena piano yenyewe wameigandamiza ukutani, wakati ubao wake wa sauti uko mgongoni! Piano ya kusimama unaivuta, unaigeuza ubavu, unafungua juu. Ukiigeuza unapata faida ya pili: mpiga piano anamwona mwimbaji akivuta pumzi. Pale alikuwa amempa mgongo, anaanza kwa kusikiliza pumzi kama mtu anayevizia mlango. Waliingia pamoja kila wimbo. Sielewi waliwezaje.

Kuhusu tuni sitasema mengi. Kila noti ya katikati ina waya tatu zinazotakiwa kulia kama moja, na kadhaa pale zilikuwa zinatetema kama nyuki kwenye kopo. Katikati ya piano ilikuwa imepanda kuliko besi, dalili kwamba ilituniwa kiangazi na haijaguswa tangu mvua zianze: ubao wa sauti ukivimba unazivuta waya za katikati kuliko za chini. Mwimbaji alifuata katikati. Uamuzi sahihi, ila besi ikawa inamsuta.

Wakati wa mapumziko nikaenda mlangoni kwa kaka aliyekuwa anahesabu vishina vya tiketi. Nikamsalimia vizuri tu. Nikamwambia, "Kaka, kuna kibao kinaganda, na lile vasi litolewe kabla ya kipindi cha pili." Hakuinua macho.

"Dada, piano ni piano. Vibao vyote vinalia."

"Vinalia, lakini kimoja hakirudi."

"Sasa kama unataka ya Ulaya, si upande ndege pale KIA?"

Akaendelea kuhesabu. Hapo nilikuwa tayari kuandika nyota moja na kulala.

Kipindi cha pili kikanivuruga. Frauenliebe und -leben ya Schumann, ya mwaka 1840, ni nyimbo nane za maisha ya mwanamke mmoja: anampenda, anachumbiwa, anaolewa, anazaa, anafiwa. Mtu alitangaza kwamba tusipige makofi mpaka wimbo wa nane uishe, na kanuni hiyo naiunga mkono, maana makofi yanakata uzi. Tafsiri ya Kiswahili tuligawiwa, nzuri sana, ila aliyeipanga aliacha wimbo wa nne ukatike katikati ya ukurasa, ukumbi mzima ukageuza karatasi kwa pamoja katikati ya mstari wa polepole. Ukurasa ukatike wimbo unapoisha, jamani, si katikati.

Basi wimbo wa tano ni asubuhi ya harusi. Bibi harusi anawaomba dada zake wamsaidie kuvaa, na akimaliza kuimba piano inabaki peke yake ikipiga maandamano ya harusi. Kina mama wa safu ya pili, wenye vitenge vya sare, wakasoma tafsiri, wakasikia mwendo ule, wakapiga vigelegele. Juu ya piano kabisa. Nikakunja uso. Kisha nikamwona mwimbaji: hakutabasamu kwa watu, alitabasamu ndani ya wimbo, kama bibi harusi anayesikia vigelegele vya kwao nje ya mlango. Kanuni ninaiunga mkono bado. Vigelegele vile navyo nisingetaka viondolewe.

Wimbo wa nane mume anakufa. Unaanza kwa pigo la D maina, na ile D ikaganda tena, ila safari hii hakuna aliyecheka. Mwimbaji anamaliza mapema kisha anasimama tu, kimya, na piano inaurudia muziki wa wimbo wa kwanza, B-flati meja, siku alipomwona mume wake mara ya kwanza. Kwenye B-flati ile D ni mi. Ndiyo inayoamua kama wimbo unacheka au unalia. Ikikosekana, kodi, yaani noti zinazolia pamoja, inabaki tupu katikati, si meja si maina. Mara mbili kidole gumba kilichelewa na D haikulia. Muziki wa siku ya furaha ukaja na tundu ndani yake.

Hilo ni kosa. Kifundi ni kosa na sibadilishi neno. Lakini mama mmoja wa vitenge alikuwa anafuta macho, na mimi mwenyewe kuandika nyota moja nilishindwa. Nimeweka tatu. Waimbaji wote wawili, namhesabu mpiga piano, tano. Ukumbi sifuri. Hesabu hailingani, najua.

Strauss wa mwisho, Morgen!, piano ilianza peke yake muda mrefu na sauti ikaingia kama mtu anayeendeleza maongezi ya tangu mchana. Mvua ilikuwa imekata. Hakuna aliyekohoa.

Natoka, kaka wa mlangoni alikuwa anafunga madirisha. Wakati wa Schumann mtu alikuwa ameliondoa lile vasi, nadhani mpiga piano mwenyewe. Kaka akaliokota sakafuni, akaliongeza maji kutoka kwenye chupa, akalirudisha juu ya piano.