Chekechea ya juu ya mwalo: mwaka mmoja nikiwa nimeketi nyuma ya darasa

Kijijini kwetu barabara haifiki. Unapanda boti Kibirizi, Kigoma, unakalia magunia ya unga, milima mkono wa kulia na Ziwa Tanganyika mkono wa kushoto, mpaka ulione paa la bati lenye kutu juu kidogo ya mwalo, pale boti za wavuvi zinapotia nanga. Hiyo ndiyo chekechea ninayoisemea. Nimefundisha darasa la kwanza miaka 31 kabla ya kustaafu, kwa hiyo nilipompeleka mjukuu wangu mwezi Januari nilikwenda na jicho kali. Nikawa nashinda pale nyuma kama mkaguzi asiyetumwa na mtu.

Cha kwanza nilichokipenda ni ukuta. Mjini kote nimezoea picha zile za tufaha na treni, vitu ambavyo mtoto wa huku hajawahi kuvishika. Hapa mwalimu kachora samaki kwenye ubao wa plaiwudi: dagaa, mgebuka, sangala, na kuhe wa manjano mwenye madoa meusi. Wiki ya kwanza tu, kitoto cha miaka minne kikasimama kikamkosoa: "Mwalimu, dagaa huyu mkubwa kama kuhe!" Na kweli, aliwachora wote sawasawa ili wajae ubao. Wengine tungesema kaa chini. Yeye akawaambia kesho kila mtoto aje na dagaa mmoja mkavu, wakawabandika kwa ugali wa muhogo chini ya kuhe, wakapima: dagaa wangapi wanamfikia kuhe mmoja kutoka mdomo hadi mkia? Wakahesabu, wakabishana, wakarudia. Somo la hesabu lilikwenda siku tatu, likakoma pale paka alipoingia usiku akala vifaa vyote vya kufundishia.

Halafu kuna siku za mbalamwezi. Wavuvi wetu huvua dagaa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, wanabaki nyumbani kunyoosha mgongo na kushona nyavu. Mwalimu kaziwekea siku hizo alama kwenye kalenda. Akina baba wanapanda na vipande vya wavu na sindano zao, watoto wanahesabu matundu, wanajifunza fundo, wanasikia hadithi za dhoruba. Wameimbishwa na kiwimbo kifupi, "Kusi likivuma, mguu mkavu," na mjukuu wangu sasa ananikemea mimi nikisogelea maji upepo ukianza. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti, akina baba walikuwa nyumbani kila siku, wakafurika darasani mpaka mwalimu akawaomba kwa adabu waje kwa zamu. Na ada ya miezi hiyo alipokea muhogo na mawese kwa wasiokuwa na fedha. Hilo sitalisahau.

Binti yangu anasomea ualimu. Ndiye aliyenisimulia kwamba Wamaori wa New Zealand walianzisha mwaka 1982 vituo vya watoto wadogo viitwavyo kōhanga reo, kiota cha lugha, ambako wazee hukaa na watoto na kusema nao Kimaori tu, maana watoto walikuwa wanakua bila kukijua. Watu wa Hawaii nao wakafungua vya kwao mwaka 1984. Na mtaala wa chekechea wa New Zealand uliotoka 1996 unaitwa Te Whāriki, yaani mkeka uliosukwa. Hapo nilicheka, kwa sababu wanetu wanakalia mkeka kwa kukosa viti.

Kwetu elimu ya awali ni kwa Kiswahili, nami sina ugomvi nacho, ndicho kilichonilisha. Lakini mtoto anayetoka nyumba ya Kiha tupu, siku ya kwanza ukimpokea kwa Kiswahili cha kitabuni anageuka gogo. Mwalimu huyu anawapokea mlangoni kwa "Mwakeye," anawaacha waeleze walichokula kwa Kiha, kisha anaingiza Kiswahili taratibu, neno baada ya neno. Kufika Juni mjukuu wangu alikuwa anachanganya zote mbili bila hofu.

Sasa lawama. Wapo watoto watatu wa Kibembe, na mwalimu hajui Kibembe. Asubuhi wenzao wakipiga soga, hao watatu wanachezea kamba ya mkeka. Nilimwambia mwenyewe: bibi yao yupo, anaanika dagaa hatua mia kutoka hapa, muite hata mara moja kwa wiki. Alisema ndiyo. Mpaka Novemba bibi alikuwa hajaitwa.

La pili ni saa. Wanafunga saa tano na nusu, wakati ambao mama zao wako mchangani wanageuza dagaa jua likiwa kali. Watoto wanashuka kwenda wapi? Majini, si kwingine. Wimbo wa kusi ni mzuri ila haulindi mtoto. Uji upo, wa mahindi na karanga, na ni mzito wa kusimamisha kijiko. Basi wawape uji wa pili wawalaze mpaka saa nane. Wazazi wengi tungeongeza kitu.

Choo ni kimoja na mlango wake ni gunia. Nimesema.

Wapo wazazi wanaolalamika kwamba mtoto hajui "ei, bii, sii" wakati binamu yake wa mjini anaziimba. Mimi niliyewapokea hao wa mjini darasa la kwanza nawajua: wanaimba, ukiwauliza tano na mbili wanakutazama. Wa kwangu anakuhesabia sado za dagaa hadi ishirini na kukwambia moja imepungua.

Nampa mwalimu nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia mpaka nimwone yule bibi wa Kibembe ameketi pale mbele. Ada ni shilingi elfu kumi kwa mwezi na nusu kilo ya sukari. Kuandikisha ni Januari, asubuhi, na mtoto aje na kikombe chake. Mkeka pia, kama unao. Wa shule umetoboka katikati.