Kipima umeme cha kuchomeka, 38,000 Kariakoo: kimeisafishia jina friji yangu

Nauza juisi ya ukwaju, ubuyu na barafu za kwenye vifuko, nyumba ya kupanga Mbagala. Tuko wapangaji watano, mita moja ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla. Aliyewahi kuishi hivyo anajua: umeme ukiisha saa mbili usiku, macho yote yanahamia kwenye mlango wenye friji.

Mwezi wa tatu baba mwenye nyumba akaleta fundi. Fundi akatenganisha waya mmoja wa friji, akaubana kwa mita yake, ikasoma ampea 0.9. Akazidisha kwa volti 230, akapata wati 207. Akazidisha tena kwa saa 24, akagawanya kwa elfu kupata uniti, akatangaza mbele ya watu: "Hii inakula uniti 5 kwa siku." Kwetu buku (shilingi elfu) inatoa uniti 2.8, kwa hiyo nikatakiwa nichangie kama 1,770 kila siku, friji peke yake. Siku ya mvua juisi haiuzi hata hiyo.

Kesho yake nikapanda gari la Kariakoo. Nilichonunua ni kidude cha ukubwa wa kiganja, kina pini tatu nyuma na soketi mbele. Unakichomeka ukutani, kifaa chako unakichomeka juu yake, basi. Hugusi waya, hufungui kitu. Kinaonyesha volti, ampea, wati, uniti zilizojikusanya, na namba moja ambayo muuzaji hakuijua: pawa fakta, yaani ni sehemu gani ya volti mara ampea inakuwa wati za kweli. Hiyo ndiyo iliyoniokoa.

Nilianza na jagi la umeme, maana lina maandishi chini: volti 220–240, wati 1850–2200. Asubuhi likasoma volti 228, ampea 8.7, wati 1,983. Ukizidisha 228 kwa 8.7 unapata hiyo hiyo, na pawa fakta ikawa 1.00. Ukigawanya 228 kwa 8.7 unapata ukinzani, omu 26.2. Nikachukua na maandishi ya chini: 240 mara 240, gawanya kwa 2200, omu 26.2. Maandishi hayakudanganya, jambo ambalo kwa bidhaa zetu za siku hizi nililishangaa.

Usiku, saa ile umeme unakuwa mdogo na feni inazunguka kama imeugua, nikarudia. Volti 190. Ampea zikashuka hadi 7.25, wati 1,378. Hapa ndipo nilipokumbuka hesabu za kidato cha tatu: waya wa ndani ya jagi ni uleule, ukinzani haubadiliki kwa maana, kwa hiyo volti zikipungua na ampea nazo zinapungua, wati zinaporomoka karibu mara mbili yake. Maji yaliyochemka kwa dakika 5 asubuhi yalichukua dakika 7 na sekunde 20. Uniti? 0.17 asubuhi, 0.17 usiku. Wale wanaosema umeme mdogo unakula LUKU, kwa jagi siyo kweli. Unakula muda wako tu.

Sasa friji. Ampea 0.9, sawasawa na ya fundi, hakukosea kusoma. Lakini wati zikaandika 118, siyo 207. Pawa fakta 0.57. Friji ina mota, na mota inavuta mkondo ambao wote haugeuki kuwa kazi, sehemu inaenda na kurudi tu. Zidisha 207 kwa 0.57 unaipata 118 yako. Na kwa mota usijisumbue kugawanya volti kwa ampea ukadhani umepata omu za waya wake. Hutazipata. Halafu kuna ile saa 24 ya fundi: friji ikishapata baridi inazima, inapumzika, inawaka tena. Nikaiacha kwenye kipima kutoka alfajiri hadi alfajiri. Uniti 1.1. Siyo 5.

Nikampelekea baba mwenye nyumba kidude kikiwa na namba yake. Akakitazama, akasema, "Basi na wengine wapimwe." Kaka wa chumba cha mwisho, ambaye ndiye alikuwa mbele kunisema, ana hita ya ndoo. Volti 226, ampea 10.3, wati 2,328. Ndoo mbili kila alfajiri, dakika 40, uniti 1.55. Akaniambia, "Dada, mimi nachemsha mara moja tu kwa siku." Ndiyo, kaka, mara moja.

Kasoro zake zipo. Kioo hakina taa, na soketi yangu iko nyuma ya friji, kwa hiyo nasoma kwa tochi ya simu nikiwa nimepiga magoti. Vitufe ni vidogo, ukibonyeza vibaya kwa muda mrefu inafuta uniti zote ulizokusanya, nilipoteza kipimo cha siku nzima hivyo. Chaja ya simu iliyochomekwa bila simu inasomwa 0.0, sidhani kama ni sifuri kweli. Na ile hita ilipofika dakika ya 30 plagi ilikuwa ya moto kushika. Nyuma wameandika ampea 16, ila pini zake ni zile za ampea 13. Kwa vitu vizito pima dakika kumi, zidisha mwenyewe, chomoa.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji akichomeke dukani na feni yoyote kabla hujatoa hela, na uhakikishe pawa fakta inatokea. Vipo vya 25,000 visivyo nayo, hivyo huenda vingeniacha na zile uniti 5 zangu. Mchango wangu wa friji sasa ni uniti 33 kwa mwezi, kama 11,800. Kidude chenyewe ninavyoandika hapa sinacho, fundi yule yule alikuja kukiazima Jumapili.