Kampala mpaka Bagamoyo: nunua, ila usinunue ya wikendi

Habari zenu watazamaji. Wa Kampala, wa Jinja, wa Arua, na nyinyi wa Bombo mnaonisahihisha Kiswahili kila wiki, nawaona, endeleeni. Mmezoea kuniona hapa na blenda au pasi. Leo mezani kuna pasipoti, kadi ya njano, kofia ya ukili, na mchanga ambao mpaka sasa unatoka kwenye viatu. Bidhaa ya leo ni safari: usiku 5 Bagamoyo, pwani ya Tanzania. Nimelipa kwa mfuko wangu. Hakuna hoteli iliyonipa hata soda, na moja nitaisema vibaya bila kuitaja jina.

Nilikwenda na dada yangu mkubwa. Yeye ni nesi wa zamu za usiku, na agizo lake lilikuwa moja: "Nipeleke mahali ambapo hakuna mtu atakayeniita." Entebbe ikatoka hapo hapo, maana kila akienda Entebbe anakutana na mgonjwa wake wa zamani. Zanzibar akasema watu wengi. Ikabaki Bagamoyo, mji mkongwe, kama kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam.

Sasa nianze na kasoro, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha jinsi ya kuitumia bidhaa yenyewe. Chumba nilikichagua kwa picha: bahari inalamba ngazi za baraza. Tumefika saa tano asubuhi, dada anatua begi, anaangalia mbele, ananigeukia: "Wewe, bahari iko wapi?" Bahari ilikuwa kule mbali, mstari tu. Mbele yetu mchanga wenye tope, ngalawa zimelala ubavu, kinamama wanachokoa chokoa kitu kwenye madimbwi. Mimi ni mtu wa Nalubaale, yaani Ziwa Victoria. Ziwa letu ukiliacha asubuhi, jioni unalikuta palepale. Nikaenda mapokezi nimekunja uso. Kijana akanitazama kwa huruma: "Kaka, maji yamekupwa. Yatarudi." Akaendelea na simu yake.

Na yakarudi kweli. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Kwa siku moja bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili, kila baada ya saa sita na kidogo, na kila siku ratiba inasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, wanaita bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo, bahari haiendi mbali nawe. Sisi tulifika siku ya mwezi mpevu, tukapata bamvua kamili. Picha zote za matangazo zimepigwa maji yakiwa yamejaa, hilo msilitilie shaka. Kabla ya kulipia chumba, mwombe mwenye nyumba akutumie picha ya maji yakiwa yamekupwa. Ninayemlalamikia mimi nilimwomba baadaye, akanyamaza mpaka leo.

Lakini hapo hapo ndipo pumziko lilipo. Siku ya tatu hatukuwa tunaangalia saa tena. Maji yakijaa tunaingia, yakipwa dada analala au tunatembea kuelekea zilipo mashua. Siku ya nne yalijaa alfajiri, tukawa ndani jua linachomoza mbele yetu. Yule mtu anayeamka akishtuka kwa sababu ya simu za wodini, nilimwona anaelea chali amefumba macho.

Rangi ya maji, nawaambia ukweli: si ile bluu ya kwenye kalenda. Mto Ruvu unamwaga baharini kaskazini ya mji, na tope lake linafika. Kama unataka bluu, hii si bidhaa yako, rudisha dukani. Ila maji yana joto, na konokono wa kichocho hawaishi kwenye chumvi. Aliyewahi kupewa vidonge vya kichocho baada ya kuogelea kwetu ananielewa.

Mji wenyewe ni mtaa mmoja mrefu wa nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya kuchonga, nyingine zimeezuliwa na muda, mti umeota sebuleni. Kuna Boma la Wajerumani la mwaka 1897, japo makao makuu yao walikuwa wameshayahamishia Dar es Salaam mwaka 1891. Wengi hupita hapo wakapiga picha wakaondoka. Mganda hapaswi kupita hivyo, na nitawaambia kwa nini.

Nendeni misheni, ile ya mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanza mwaka 1868. Kuna mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome. Inasimuliwa kwamba kilikuwa cha kufungia punda. Kuna mnara ambamo mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kizungu, ulilazwa mwaka 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka katikati ya bara. Sasa dada yangu ni Mkatoliki wa kuhiji Kigungu, kule Entebbe, kila mwaka. Nikamwambia: Mapeera, huyu huyu wetu, Padri Lourdel, mmoja wa wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki Uganda, alianzia safari yake ya bara mji huu mwaka 1878. Yeye na Bruda Amans walikuja kutua Kigungu tarehe 17 Februari 1879. Zaidi ya nusu mwaka njiani. Sisi tulikaa angani kama saa mbili na tulilalamikia chai. Dada hakujibu, akakaa kwenye mizizi ya mbuyu muda mrefu.

Na nyinyi Wanubi wa Bombo msijitoe. Emin Pasha, yule gavana ambaye askari wake ndio mababu wa Wanubi wengi wa Uganda, alifika Bagamoyo Desemba 1889 pamoja na mpelelezi Stanley baada ya safari ndefu kutoka bara. Akafanyiwa karamu ya kumpokea. Usiku huo huo akaanguka kutoka dirisha la ghorofani! Alipona. Amevuka nyika na vita, nusura amalizwe na dirisha.

Kuna upande ambao haupumzishi. Njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu, za kwetu Buganda zikiwemo, na ilipitisha watu waliofungwa. Jina la mji wanalisoma kwa namna mbili: wapagazi waliobwaga moyo kwa kutua mzigo, au mateka walioacha mioyo yao hapo wakiiona bahari. Mzee aliyetutembeza alitupa zote mbili na hakuchagua.

Kaole, magofu yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, iko kilomita chache kusini. Bajaji, asubuhi, kabla jua halijakaza. Bandari yake ya zamani imemezwa na mikoko.

Chakula: jioni soko la samaki, pweza na changu wa kukaanga, mhogo, kahawa chungu na kashata. Sina la kuongeza, nilinenepa.

Lugha sasa. Kiswahili chetu cha Kampala, tukubali, wengi tulikijulia kwa askari. Tunaingia dukani na "leta maji!" Siku ya kwanza nilifanya hivyo, muuza duka akaniuliza taratibu kama nimegombana na mtu. Kule ni shikamoo kwa mkubwa, habari za asubuhi, za nyumbani, halafu ndiyo "naomba maji". Dada aliwahi kunisuta: "Yaani umelipa tiketi kuja kufundishwa adabu." Na vaeni kwa staha mjini, ni mji wa Waislamu, nguo za kuogelea ziishie ufukweni.

Ya makaratasi haraka haraka. Ndagamuntu, yaani kitambulisho chetu cha taifa, inakupitisha Kenya na Rwanda. Tanzania wanataka pasipoti. Viza hatulipi. Kadi ya njano ya homa ya manjano msiisahau, sisi tunaotoka Uganda tunaulizwa. Basi lipo, lakini ni zaidi ya kilomita 1,500, kwa hiyo kama una siku 7 za likizo basi litakula sehemu yake kwenda na kurudi. Sisi tulipanda ndege, tukalala Dar, asubuhi tukachukua daladala, yaani takisi yetu ile, kutoka stendi ya Makumbusho. Shilingi yao ni nzito kuliko yetu, msishangilie bei mkisikia tarakimu ndogo. Epukeni masika, Machi mpaka Mei. Juni mpaka Septemba upepo wa kusi unapuliza na usiku unalalika. Nje ya hapo ulizeni feni, na ulizeni kama umeme ukikatika feni inabaki.

Je, ningenunua tena? Ndiyo, kwa usiku 4 kwenda juu. Kwa wikendi, hapana: utaonja kupwa na kujaa mara chache tu, urudi Kampala ukisema ulidanganywa. Mwenye watoto wanaotaka bembea za majini aende kwingine, atachoka na atachosha wengine.

Dada ameshaomba likizo nyingine, Julai. Jana alinipigia akiwa zamu, saa nane za usiku, kuniuliza mwezi utakuwa mpevu tarehe ngapi. Safari hii anataka maji mafu.