Kwa mume na mke, kipi bora maishani: mishahara miwili, au mshahara na duka?

Wote wawili walimu wa serikali Tanzania: wakiwa na miaka 26 hali ni ngumu, maana Bodi ya Mikopo inakata 15% ya mshahara wa kila aliyesoma kwa mkopo. Deni likiisha, kipato kinapanda mwezi huohuo bila hata kupandishwa daraja. Baada ya hapo ni polepole hadi miaka 60, kustaafu kwa lazima, na mishahara yote inakatika karibu pamoja.

Mwalimu na mwenye duka? Mwanzo ni mgumu zaidi. Faida inarudi kwenye unga na sukari, huku daftari la madeni likinenepa kuliko droo. Mtoto akizaliwa, duka linafungwa, mshahara ndio unalisha. Lakini duka halistaafu. Ningechagua hili, ila majirani nisingewakopesha.