Tahadhari: Winchester 1873 "fupi ya kiwandani" inayozungushwa Texas

Ndugu zangu mnaokusanya silaha za kale huku Texas na majimbo ya jirani, kuna jamaa anazunguka kwenye maonyesho ya bunduki na karabaini ya leva, Winchester 1873, yenye mtutu wa inchi 14. Anataka dola 9,000 na anadai ni trapa halisi, yaani karabaini fupi kuliko kawaida, kutoka kiwandani New Haven. Nimeishika, nimeimulika kwa tochi. Ni bunduki ndefu ya kawaida iliyokatwa mtutu.

Kinachowaponza watu ni bei. Winchester ilitengeneza bunduki za modeli hii ya 1873 zaidi ya laki saba, kwa hiyo jina peke yake si adimu. Bunduki ndefu ilikuja na mtutu wa inchi 24, karabaini inchi 20. Zilizotoka fupi kuliko hapo ziliagizwa maalumu, ni chache mno, na wakusanyaji wanazigombania. Msumeno na mchana mmoja vinatosha kumpa tapeli tofauti hiyo yote ya pesa.

Hii yake kabadilisha ubao wa mbele, kaongeza vikuku viwili vya kushikilia mtutu na pete ya tandiko ubavuni kushoto. Lakini kitako kakisahau! Kina bamba la chuma lililopinda kama mwezi mchanga, la bunduki ndefu. La karabaini halijapinda hivyo. Nilipomuuliza akasema mteja wa zamani aliagiza hivyo. Haya, tuseme aliagiza. Basi tundu la pete mbona linang'aa kwa ndani, na herufi za juu ya mtutu mbona kingo zimelainika kwa msasa huku rangi ya buluu ni mbichi? Hata ingekuwa halali, kuipaka upya peke yake kungeshusha thamani vibaya sana. Mkusanyaji hulipia rangi ya kwanza, hata iliyochakaa.

Anayo pia "barua ya kiwanda". Ni fotokopi. Kumbukumbu za Winchester zinatunzwa Cody, Wyoming, kwenye Cody Firearms Museum, na wao ndio hutoa barua inayoonyesha kama bunduki yenye namba fulani ilitoka ikiwa bunduki ndefu au karabaini. Namba ya bunduki ya modeli 1873 iko kwenye ulimi wa chuma wa chini, nyuma ya kifyatulio. Ya huyu bwana imekaa kwenye kibonde, maana chuma kimesagwa kikagongwa namba upya ili ifanane na barua. Agiza barua yako mwenyewe, usipokee ya muuzaji. Akikukataza kupiga picha namba, ondoka.

Sasa hapa ndipo pabaya kuliko pesa. Anawaambia watu kwamba silaha ya kabla ya 1899 ni ya kale, haihitaji makaratasi. Nusu ya maneno hayo ni kweli kwa sheria ya shirikisho ya 1968. Lakini sheria ya silaha ya 1934 inabana bunduki yenye mtutu chini ya inchi 16, na msamaha wake kwa silaha za kale hauhusu zile ambazo risasi zake bado zinauzwa kwa kawaida. Risasi za .44-40, aina inayotumiwa na bunduki hii, zipo madukani hadi leo. ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, imeziondoa kwenye sheria hiyo baadhi ya karabaini fupi halisi za Winchester; iliyokatwa gereji haimo. Kukutwa nayo bila usajili ni kosa la hadi miaka 10 jela, na kwa sisi ambao wengine bado tuna makaratasi ya uhamiaji mezani, mnajua maana yake.

Ukionyeshwa yoyote fupi, hakikisha chemba ni tupu, funga leva, ingiza kijiti mdomoni mwa mtutu hadi kigote, kisha pima kijiti. Huyu hukimbiza watu, anataka malipo ya awali ya Zelle, huduma ya kutuma pesa kwa simu, akisema "kuna mtu mwingine yuko njiani".

Aliyekwisha kuinunua asiivushe jimbo wala asijaribu kumuuzia mwingine. Amwone kwanza wakili anayejua sheria za silaha.