Kikokotoo cha umbali wa ndege: kiliniambia masaa 11, nilitumia 20

Sizungumzii kile cha kukokotoa mafao ya wastaafu. Hiki ni cha mtandaoni: unaandika unakotoka na unakokwenda, kinakupa kilomita na muda wa kuruka. Nilikitumia kabla ya safari yangu ya kwanza ya Guangzhou, China, kufuata viatu vya duka langu hapa Moshi.

Nilianza kwa kuandika Arusha. Kikanipeleka uwanja wa Kisongo, kwenye vindege vya watalii. Nikabadilisha nikaweka KIA, uwanja mkubwa wa Kilimanjaro: kilomita kama 8,760, masaa 10 na dakika 50. Nikafurahi, nalala Moshi leo, kesho nachagua viatu.

Siku ya kukata tiketi, dada wa wakala akanionyesha ratiba nikaona ananipiga. Mbona ndefu hivi? Nikamtolea na simu. Akacheka: "Mama, ndege ya moja kwa moja toka KIA hadi Guangzhou umeiona wapi?" Nikanyamaza. Kumbe kinapima mstari mfupi kuliko yote juu ya mgongo wa dunia, kinagawa kwa mwendo wa ndege, kinaongeza kidogo cha kupaa na kutua, basi. Ndege ipo au haipo, hakiulizi.

Nilitoka nyumbani saa nane mchana. Saa kumi na moja jioni tukaruka kwenda Addis Ababa, masaa mawili na nusu. Pale nikakaa karibu masaa matano, miguu imevimba. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, ila ubao wa uwanjani uliandika ndege yetu kwa saa za kizungu: 00:15, yaani saa sita na robo usiku. Hapo ndipo wengi wanapopotea, maana tarehe imeshageuka na wewe bado unajiona uko jana. Kutoka Addis ni masaa 10 mengine. Natua, Moshi ni saa nne na robo asubuhi, kule ni saa tisa na robo alasiri. Hesabu mwenyewe: masaa 20 na robo, bado foleni ya uhamiaji.

Kwenye tofauti ya saa nakipa heko. Kiliniambia wametutangulia masaa matano, na ni kweli. Nilijua nikimpigia binti yangu dukani saa mbili usiku ya kule, huku ni saa tisa alasiri, bado hajafunga.

Siku hizi nakitumia kipande kwa kipande: KIA hadi Addis, kisha Addis hadi Guangzhou, halafu kusubiri najumlisha mwenyewe. Kwa njia hiyo kinakaribia ukweli, isipokuwa wakati wa kurudi. Kurudi tulikaa angani karibu saa nzima zaidi kwa umbali uleule, maana huko juu upepo unatoka magharibi na ndege inaukabili. Kikokotoo kinaandika muda mmoja kwenda na kurudi. Nyota tatu kati ya tano.